Pumzi, Moyo na Mgongo: Yoga Mbele ya Vipimo vya Wataalamu

Mazungumzo ya redio kwa wanafunzi wa elimu ya watu wazima. Somo la tisa.

Natumaini daftari na kalamu ziko tayari, na ya kuwa mwenye saa yenye mshale wa sekunde ameiweka mahali anapoweza kuiona, kwa sababu leo tutaihitaji. Nawe unayelisoma somo hili katika chapa baada ya kulikosa hewani, tafuta saa kabla hujaendelea.

Wiki mbili zilizopita nilipokea barua ya mama mmoja ambaye amekuwa mwanafunzi wetu tangu somo la kwanza. Jina lake silitaji. Ameandika kwamba mume wake, mtu wa miaka 53, aliambiwa na daktari mwaka jana kuwa ana shinikizo la juu la damu, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Mwaka huu alikutana na kijana anayefundisha yoga, naye akamweleza kuwa wako watu huko Bara Hindi wawezao kuusimamisha moyo kwa nia tu, na ya kuwa mtu anayeutawala moyo wake hana haja ya vidonge. Basi bwana yule sasa huamka alfajiri, hukaa juu ya mkeka, huvuta pumzi na kuizuia mpaka mishipa ya shingo ikatokeza. Vidonge vimo kabatini tangu mwezi uliopita. "Anasema anajisikia vizuri," ameandika mama huyo, "na kweli hasira zake zimepungua. Je, mwalimu, nimwache au nimzuie?"

Mama, nitakujibu leo, lakini sitakujibu kwa neno moja. Kwanza tuufungue mwili tuone kilichomo.

Neno yoga ni la Kisanskriti, nalo lina maana ya kuunganisha, kama mtu afungavyo ng'ombe wawili katika nira moja. Kitabu cha Patanjali, ambacho ni msingi wa elimu hiyo na kina umri wa zaidi ya miaka 1,500, kina vifungu vifupi karibu 200, na katika hivyo vitatu tu ndivyo vinavyosema habari ya namna ya kukaa. Mikao mingi tuionayo katika picha ilikuja baadaye sana, na mingine ni ya karne ya 20. Leo yoga imeenea duniani kote, hata Umoja wa Mataifa mwaka 2014 uliitengea tarehe 21 Juni kuwa siku yake. Wengine huniuliza kama kuifanya ni kuingia dini ya watu wengine. Swali hilo mpelekee sheikh wako au padre wako. Mimi hapa ninao mwili tu, nao ni wa namna moja kwa wote.

Wahindi wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kuipima yoga. Katikati ya karne ya 19 msomi mmoja, Swami Dayananda Saraswati, ambaye mwaka 1875 alianzisha chama cha Arya Samaj (majumba yake yapo hata Nairobi na Dar es Salaam), alikuwa akisafiri na vitabu vilivyoeleza vituo na mishipa ya siri ndani ya mwili wa mwanadamu. Siku moja akaona maiti ikielea katika mto Ganges. Akaingia majini, akaivuta ufukoni, akaipasua kwa kisu, akalinganisha alichokiona na kilichoandikwa. Havikupatana hata kidogo. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alivichana vitabu vile, akavitupa mtoni pamoja na maiti. Nampenda mtu huyu, maana alivitupa vitabu lakini yoga hakuitupa. Aliendelea nayo.

Mwaka 1924 akatokea mwingine, Swami Kuvalayananda, akafungua nyumba ya utafiti huko Lonavla, mji wa milimani kati ya Mumbai na Pune, na mwaka huo huo akaanza kuchapa jarida lake, Yoga Mimamsa. Huyu hakuwa na kisu. Alikuwa na eksrei na kipimo cha zebaki. Alichunguza zoezi liitwalo nauli, ambalo halina udugu wowote na nauli ya basi. Mtu hutoa pumzi yote, hufunga koo, kisha hupanua mbavu kana kwamba anavuta hewa, lakini hewa haingii. Tumbo huzama ndani, halafu misuli ya katikati ya tumbo husimamishwa kama kamba nene. Ilijulikana tangu zamani kuwa mtu akifanya hivyo huku amekaa majini, maji huweza kuingia katika utumbo mpana kutoka chini, na watu walilihesabu jambo hilo kuwa ni uwezo usioelezeka. Zebaki ikaueleza. Msukumo ndani ya utumbo hushuka chini ya ule wa hewa ya nje, basi maji huvutwa kama unyonyavyo dafu kwa mrija.

Sasa tuje kwako. Weka mkono mmoja kifuani, na mwingine juu ya kitovu. Vuta pumzi kama kawaida yako. Ni mkono upi ulioinuka?

Chini ya mapafu kuna msuli mpana uitwao kiwambo, ambao hutenganisha kifua na tumbo. Jina lake ni zuri, maana umewambwa pale kama ngozi juu ya ngoma. Lakini ngozi ya ngoma imenyooka, na msuli huu umeinuka katikati kama bakuli lililofunikwa. Mapafu hayana misuli ya kujipanua yenyewe. Kiwambo kinapojikaza hushuka, katika pumzi ya utulivu sentimita moja au mbili tu, nazo mbavu huinuka. Kifua kikapanuka, hewa ikaingia. Aliyepata kusimama karibu na mhunzi ameona jambo hili katika mivukuto yake. Wahindi nao wana zoezi la pumzi za haraka liitwalo bhastrika, na maana ya neno hilo ni mivukuto.

Kiwambo kina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Ndani yake mna matundu matatu makubwa: moja la umio upitishao chakula, moja la mshipa mkuu utokao moyoni, na moja la mshipa mkuu urudishao damu moyoni kutoka sehemu za chini. Kiwambo kinaposhuka hukamua tumbo na wakati huo huo hulegeza kifua, kwa hiyo damu husukumwa kutoka tumboni na kuvutwa kuelekea moyoni. Kila pumzi, basi, ni msaada mdogo kwa moyo. Liweke akilini jambo hili, kwa sababu ndilo litakalotufungulia habari ya wale wanaousimamisha moyo.

Chukueni kalamu. Mtu mzima aliyetulia huvuta hewa kama mililita 500 kwa pumzi moja, naye hupumua kama mara 12 kwa dakika. Hiyo ni mililita 6,000, yaani lita sita. Lakini katika kila pumzi, mililita 150 hivi hubaki njiani, puani na kooni na katika mirija, wala hazifiki mahali damu inapokutana na hewa. Hii ndiyo nauli ya kweli: kila safari lazima uilipe, iwe fupi au ndefu. Mara 12 kwa 150 ni 1,800. Hewa yenye faida ni mililita 4,200.

Sasa mtu yule yule apumue polepole, mara sita tu kwa dakika, mililita 1,000 kila pumzi. Jumla ni lita sita zile zile. Nauli ni mara sita kwa 150, yaani 900. Hewa yenye faida ni mililita 5,100. Amevuta hewa ile ile, na amepata zaidi kwa sababu amesafiri mara chache.

Hapa ndipo walimu wengi wa yoga hurukia neno wasilolipima. Husema, "Mnaona? Oksijeni imejaa mwilini!" Hapana. Kwa mtu mzima wa afya, damu itokayo mapafuni tayari imebeba oksijeni kiasi cha asilimia 97 au 98 ya yote iwezayo kubeba. Gunia lililojaa halijazwi tena. Kinachobadilika zaidi ni hewa ukaa, ile tunayoitoa. Mtu akipumua kwa haraka na kwa nguvu huifukuza hewa ukaa kupita kiasi, na mishipa ya damu ya ubongo husinyaa. Kichwa huwa chepesi, vidole huwasha, macho huona giza. Asiyejua husema nguvu imempanda, na kumbe ubongo unapata damu pungufu. Vijana wa pwani mnaozamia pweza, sikilizeni vizuri. Kinachotulazimisha kuvuta pumzi ni kuzidi kwa hewa ukaa kuliko kupungua kwa oksijeni. Mtu akipumua haraka haraka kabla ya kuzama, ameizima kengele ya hatari. Atakaa chini bila kusikia haja ya hewa, na oksijeni itamwishia akiwa bado anaona yu mzima. Watu wamekufa kwa njia hiyo. Zoezi la mivukuto na bahari havikai pamoja.

Tuingie moyoni. Weka vidole viwili, si gumba, juu ya kiwiko cha mkono upande wa gumba, pale mpigo wa damu unaposikika. Vuta pumzi polepole sana, kisha itoe polepole sana. Wengi wenu, hasa vijana, mtasikia kuwa mapigo hukimbia kidogo unapovuta na hulegea unapotoa. Si ugonjwa. Kutoka ubongoni hushuka neva ndefu iitwayo vagasi, nayo hufika mpaka moyoni kama breki ya baiskeli. Unapotoa pumzi breki hukazwa, unapovuta hulegezwa. Moyo wenyewe hatuna amri nao. Kiwambo tunacho amri nacho, na kwa kupitia kiwambo twaweza kuigusa breki ile. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kitu kikubwa kuliko vyote ambacho wazee wa yoga walikigundua, nao walikigundua bila saa.

Mwaka 2001 daktari wa Kiitalia, Luciano Bernardi, na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza uchunguzi wa watu 23. Waliwapima wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri maneno ya yoga. Yote mawili yalizipunguza pumzi zikawa karibu sita kwa dakika, na katika mwendo huo walinzi wa shinikizo la damu, walio katika mishipa ya shingo na juu ya moyo, walifanya kazi yao vizuri zaidi. Basi hasira za bwana yule kupungua si uzushi. Mkewe ameona sawasawa. Kupumua polepole kila siku huweza hata kushusha shinikizo la damu, lakini kwa kiasi kidogo, na hakuna mtaalamu aliyeonyesha kuwa kunatosha badala ya dawa kwa mtu aliyeandikiwa dawa.

Na hao wanaousimamisha moyo? Mwaka 1935 daktari wa Kifaransa, Thérèse Brosse, alikwenda Bara Hindi na mashine ya kupima umeme wa moyo, akarudi na habari kwamba mtu mmoja alikaribia kuuzima moyo wake. Habari ile ikazunguka dunia, na hata leo ndiyo inayowafikia vijana wa mikeka. Lakini mwaka 1961 wataalamu watatu, Wenger, Bagchi na Anand, wakachapisha vipimo vya watu wanne waliodai uwezo wa namna hiyo. Walipata nini? Waliodai kuusimamisha walivuta pumzi, wakafunga koo, wakakaza kifua na tumbo kwa nguvu zote. Kwa kidole, mpigo haukusikika. Kwa chombo cha daktari cha kusikilizia, sauti ya moyo haikusikika. Hata mimi ningeliapa kuwa umesimama. Ila ile mashine ya umeme iliendelea kuandika: moyo unapiga, unapiga, unapiga.

Kumbukeni matundu ya kiwambo. Mtu akikaza kifua huku koo limefungwa, msukumo wa ndani hupanda na kuibana mishipa irudishayo damu moyoni. Moyo hauna cha kusukuma, kwa hiyo mkononi mpigo hupotea, na kelele ya misuli iliyokazwa huifunika sauti ya moyo. Sifa moja lazima niitoe: Anand alikuwa Mhindi, Bagchi alizaliwa huko huko, na hawakuona haya kuandika walichokiona.

Sasa, mama, tazama mumeo anafanya nini alfajiri. Anavuta, anazuia, anakaza mpaka mishipa ya shingo inatokeza. Ndiyo kazi ile ile. Mwanzoni mwa kukaza, shinikizo la damu hupanda. Kisha hushuka. Na anapoachia, damu iliyozuiliwa hurudi kwa mkupuo, moyo ukaisukuma katika mishipa iliyosinyaa, shinikizo likapanda tena kupita lilipokuwa. Kwa kijana mzima mabadiliko hayo hupita. Kwa mtu wa miaka 53 mwenye shinikizo la juu, ambaye hajameza kidonge mwezi mzima, sitaki hata kuyafikiria.

Yeye anasema anajisikia vizuri. Mjomba wangu naye alisema hivyo. Hakuwa na habari ya yoga. Yeye aliona tu kwamba vidonge ni vya mgonjwa, na yeye si mgonjwa kwa kuwa analima. Mwezi wa nne tangu kuacha alianguka shambani wakati wa palizi, upande wake wa kulia ukafa. Aliishi miaka sita baada ya hapo. Alijifunza kuandika jina lake kwa mkono wa kushoto, nami ndiye niliyemshikia karatasi isiteleze. Shinikizo la damu kwa kawaida haliumi. Hulijui kwa kujisikia, hulijua kwa kupimwa.

Juu ya mgongo nitasema kwa haraka zaidi, ingawa barua nyingi huuliza habari zake. Uti wa mgongo una pingili 33: saba za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, tano zilizoungana kuwa mfupa mmoja juu ya makalio, na nne ndogo za mwisho. Katikati ya zile zisizoungana mna visahani vyenye ukingo mgumu na kiini laini, na kwa mtu mzima visahani hivyo karibu havina mishipa ya damu. Chakula chao huingia kwa kupenya polepole, na mwendo husaidia. Kukaa kitini saa nane mfululizo, kama tukaavyo sisi wa ofisini, hakuwasaidii majirani hao.

Unapoinama kugusa vidole vya miguu na ukashindwa, mara nyingi kosa si la mgongo. Misuli ya nyuma ya paja imeshikizwa katika mfupa wa kukalia. Ikiwa migumu huzuia nyonga isiiname, na mgongo hulazimika kujipinda badala yake. Kunja magoti kidogo, utaona tofauti papo hapo. Wala usijivute kwa kudunda. Ndani ya msuli mna vipokezi ambavyo, msuli ukivutwa ghafla, huuamuru ujikaze, kama goti lirukavyo daktari anapoligonga. Ukivutwa polepole na kuachwa pale nusu dakika, amri ile hupoa. Wachunguzi wa siku hizi wanaona kuwa katika majuma ya kwanza msuli haurefuki sana. Neva ndizo zinazojifunza kuvumilia. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa tiba Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa mambo ya kujaribu kwanza, kabla ya dawa, kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Faida yenyewe ni ya wastani, lakini ipo.

Kusimama kwa kichwa siwashauri. Pingili za shingo ni ndogo, hazikuumbwa kubeba mwili mzima. Mama zetu hubeba ndoo kichwani, ni kweli, lakini ndoo si mtu. Tena uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 juu ya watu wenye mazoea ya mkao huo ulionyesha kuwa msukumo ndani ya jicho huongezeka karibu mara mbili. Mwenye glakoma asijaribu kabisa, na mwenye shinikizo la juu la damu hali kadhalika.

Basi, mama, jibu langu ni hili. Mkeka usiuondoe. Mwache bwana aamke alfajiri, akae, apumue polepole bila kuzuia na bila kukaza. Ajinyooshe, kisha alale chali dakika kumi, mkao ambao Wahindi huuita wa maiti. Vidonge vitoke kabatini, viingie mfukoni, na wiki hii hii aende navyo zahanati akapimwe, amweleze daktari kwa kweli ni siku ngapi hakumeza. Daktari ndiye atakayesema aanze tena namna gani. Ikiwa baada ya miezi vipimo vitashuka, huyo huyo ndiye atakayepunguza dawa. Wala usimwambie kuwa redio imemshinda. Msomee tu mahali pale penye mashine iliyoendelea kuandika, maana mtu anayeupenda ukweli wa moyo wake atataka kuuona kwa kipimo.

Sasa saa. Kaeni vizuri au laleni chali. Hesabuni pumzi zenu kwa dakika moja bila kuzibadili, muandike namba. Kisha kwa dakika tano vuteni kwa sekunde tano, mtoe kwa sekunde tano, kwa pua, bila kuzuia na bila kujaza kifua kupita kiasi. Mwenye pumu au atakayeona kizunguzungu aache mara moja. Baada ya hapo hesabuni tena, muandike namba ya pili chini ya ile ya kwanza, pamoja na umri wenu. Nileteeni namba hizo kwa barua. Zitakazofika kabla ya Ijumaa tutazichora katika jedwali pamoja mwanzoni mwa somo la kumi, ambalo ni la figo.

Kwa herini.